Mlango wa Ghala

"Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi." Ndivyo wasemavyo wazee, kwa kuwa kidole hupona, bali neno likiisha kutoka kinywani halirudi. Watu wengi hudhani ya kuwa mithali hii yawahusu wenye matusi na masengenyo tu. Sivyo. Hata mtu mnyofu, asiye na hila moyoni mwake, aweza kujikwaa ulimi akaonekana mwongo, kwa sababu tu hakujua vema mwisho wa neno moja. Na jambo hili hutokea hasa mtu asemapo lugha isiyo ya mama yake.

Upande wa magharibi wa Afrika, kati ya Kameruni na Gaboni, iko nchi ndogo iitwayo Guinea ya Ikweta. Sehemu yake moja ni bara, na sehemu nyingine ni visiwa, na kisiwa kikubwa huitwa Bioko. Mwaka 1778 Wareno waliwaachia Wahispania haki zao katika pande hizo, na nchi ilikuwa chini ya Hispania hata tarehe 12 Oktoba 1968, siku ilipopata uhuru wake. Wahispania waliondoka, lakini lugha yao ilibaki katika shule na ofisi. Nyumbani watu wa bara husema zaidi Kifang, na wenyeji wa kale wa Bioko husema Kibubi. Lakini mtoto aingiapo darasani husoma kwa Kihispania.

Msomaji na amfikirie kijana mmoja wa Kifang, umri wake miaka kumi na miwili, katika shule ya bweni isiyo mbali na mji wa Bata. Jina lake halina haja, maana kijana huyu ni wa mfano tu. Walakini walio kama yeye ni wengi, katika kila nchi ambamo watoto hufundishwa kwa lugha ya kigeni. Kijana huyu alikuwa amepewa kazi ya heshima, yaani kushika ufunguo wa ghala. Kila jioni, baada ya kengele ya chakula, alikuwa akifunga mlango, akizungusha ufunguo katika kitasa, kisha akiupeleka nyumbani kwa mwalimu wa zamu. Ndani ya ghala mlikuwa na karanga za mbegu, ambazo wanafunzi wenyewe walizichagua moja moja kwa ajili ya shamba la shule.

Asubuhi moja mlango ulikutwa wazi. Mbuzi walikuwa wameingia usiku, wakala karanga nyingi, na zilizosalia wakazikanyaga. Mwalimu mkuu alikuwa mgeni, ametoka Hispania miezi michache tu, wala hakujua Kifang hata neno moja. Akamwita kijana mbele ya darasa zima, akamwuliza: "¿Qué pasó anoche con la puerta?" Maana yake, Jana usiku mlango ulipatwa na nini?

Kijana akajibu upesi, kwa kuwa hakuwa na la kuficha: "Yo cerraba la puerta, señor."

Moyoni mwake maneno hayo yalikuwa na maana hii: "Niliufunga mlango, bwana." Lakini masikioni mwa mwalimu mkuu yalikuwa na maana nyingine kabisa: "Mimi nilikuwa nikiufunga mlango, bwana." Basi akauliza tena: "¿Y anoche?" Yaani, Na jana usiku? Kijana akaona labda hakusikika vizuri, akapaza sauti: "Yo cerraba, señor. Llevaba la llave a la casa del maestro." Alitaka kusema ya kuwa alifunga, akapeleka ufunguo nyumbani kwa mwalimu. Lakini mwenye lugha alisikia: "Nilikuwa nikifunga. Nilikuwa nikipeleka ufunguo."

Mwalimu mkuu akakunja uso. Aliona mtoto anazungusha maneno. Ameulizwa habari ya usiku mmoja, naye anajibu habari ya desturi yake ya siku zote. Ufunguo kweli ulipatikana kwa mwalimu wa zamu, lakini kupeleka ufunguo si kufunga mlango. Akasema ya kuwa mtoto akosaye na kukiri ni bora kuliko mtoto afichaye. Ufunguo akapewa mwanafunzi mwingine, na barua ikapelekwa kijijini kumwita baba yake.

Kwa kijana adhabu haikuwa kitu kama aibu. Kufagia ua au kuchota maji ni kazi ya mikono, nayo huisha. Lakini kuhesabiwa mwongo mbele ya wenzake, hali amesema kweli, kulimnyima usingizi. Tena alimfikiri baba yake, jinsi atakavyokuja kwa miguu mwendo wa siku nzima, ili asikie ya kuwa mwanawe si mwaminifu.

Katika shule ile alikuwako mwalimu mzee wa Kifang. Jioni ile alimkuta kijana ameketi peke yake nyuma ya jiko, akamwambia kwa lugha ya kwao: "Mwanangu, acha Kihispania. Nieleze mambo ya usiku ule kwa lugha ya mama yako, moja baada ya moja."

Kijana akaeleza. Kengele ililia; aliuvuta mlango; aliufunga; alizungusha ufunguo mara mbili; aliupeleka kwa mwalimu wa zamu; alilala. Mzee akamsikiliza hata mwisho, kisha akauliza: "Juma lililopita mlijifunza nini katika Kihispania?"

"Wakati uliopita, bwana mwalimu. Ule wenye mwisho wa -aba."

"Na wakati uliopita mwingine, hamkufundishwa?"

"Tulifundishwa, bwana mwalimu. Lakini miisho yake ni migumu, hugeuka geuka. Huu wa -aba ni mwepesi, nami naliupenda, nikautumia kila mahali."

Mzee akatikisa kichwa. "Umesema kweli," akamwambia, "lakini umeiweka kweli yako katika neno lisilo lake. Keti, nikuonyeshe."

Somo alilolipata kijana jioni ile lafaa kujulikana na kila mtu ajifunzaye lugha ngeni.

Maneno ya kutenda ya Kihispania ni ya makundi matatu, nayo hutambulikana kwa mwisho wake. Kundi la kwanza lina mwisho wa -ar, kama hablar, maana yake kusema. Kundi la pili lina mwisho wa -er, kama comer, maana yake kula. Kundi la tatu lina mwisho wa -ir, kama vivir, maana yake kuishi. Ukiondoa mwisho huo, kinachobaki ni shina: habl-, com-, viv-. Juu ya shina hilo hutiwa miisho ya wakati unaotakiwa. Kwa wakati huu wa mambo yaliyokuwa yakiendelea, kundi la -ar hufanya hivi:

hablaba, nilikuwa nikisema
hablabas, ulikuwa ukisema
hablaba, alikuwa akisema
hablábamos, tulikuwa tukisema
hablabais, mlikuwa mkisema
hablaban, walikuwa wakisema

Makundi ya -er na -ir yana miisho iliyo sawasawa, hata ajuaye moja amejua yote mawili:

comía, nilikuwa nikila
comías, ulikuwa ukila
comía, alikuwa akila
comíamos, tulikuwa tukila
comíais, mlikuwa mkila
comían, walikuwa wakila

Vivo hivyo husemwa vivía, vivías, vivía, vivíamos, vivíais, vivían. Katika Amerika watu hawasemi hablabais wala comíais. Wakisema na watu wengi hutumia neno lile lile la "walikuwa", yaani hablaban na comían.

Mambo matatu yafaa kuangaliwa. Kwanza, alama ndogo juu ya herufi si pambo. Yaonyesha mahali pa kukaza sauti. Katika kundi la -ar huandikwa katika neno la "sisi" tu, bali katika makundi mengine mawili huandikwa katika maneno yote sita. Pili, neno la "mimi" na neno la "yeye" ni moja. Hablaba ni nilikuwa nikisema, tena ni alikuwa akisema. Kwa hiyo, ikiwa haijulikani ni nani, husemwa yo hablaba au él hablaba. Tatu, katika Kihispania herufi b na v hutamkwa sauti moja, na watoto wengi, hata wenye lugha, hukosea wakaandika v mahali pa b. Mwisho wa -aba huandikwa kwa b siku zote.

Tena liko jambo la kumfurahisha mwanafunzi. Wakati huu ndio mwepesi kuliko nyakati nyingi za Kihispania, maana maneno yasiyofuata kanuni ni matatu tu katika lugha nzima: ser, kuwa, ambalo hufanya era, ir, kwenda, ambalo hufanya iba, na ver, kuona, ambalo hufanya veía. Hata tener, kuwa na kitu, ambalo ni kaidi katika nyakati nyingine, hapa hutii kanuni, likawa tenía. Wepesi huo ndio uliomtega kijana wetu. Njia nyororo humvuta mtu hata pale isipompeleka aendako.

Sasa, kazi ya wakati huu ni nini? Ni kueleza jambo lililopita pasipo kuonyesha mwisho wake. Hutumika kwa desturi: De niño, mi padre pescaba en el río; alipokuwa mtoto, baba yangu alikuwa akivua samaki mtoni. Hutumika kwa jambo lililokuwa likiendelea jingine lilipotokea: Yo comía cuando entró mi hermano, nilikuwa nikila ndugu yangu alipoingia. Kule kula ni kwa wakati usiokwisha, bali kule kuingia ni kwa wakati uliokwisha, maana kulitokea mara moja. Hutumika pia kwa kueleza hali ya mambo, umri wa mtu na saa ya siku: Tenía doce años, alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, Eran las seis, ilikuwa saa kumi na mbili.

Mwenye kusema Kiswahili anayo njia ya kufahamu jambo hili upesi. Kiswahili husema "alilima", tena husema "alikuwa akilima". Tofauti ya maana iko karibu na ile ya Kihispania. Ila umbo la neno ni kinyume: katika "walisema", wa- ni watu na -li- ni wakati, vyote viwili vimetangulia mbele ya shina, katika hablaban, wakati ni -aba- na watu ni -n, vyote viwili vimekuja nyuma. Kiswahili huweka alama zake kichwani, Kihispania huziweka mkiani. Kwa hiyo asikiaye Kihispania hana budi kusubiri mwisho wa neno ndipo ajue ni nani na ni lini.

Liko na jambo la pili. Mswahili akisema, "Babu alilima mtama," hakumlazimu msikiaji kuchagua. Labda babu alilima mwaka mmoja tu, labda alilima maisha yake yote. Maneno mengine ya habari ndiyo yatakayoonyesha. Mhispania hana nafasi hiyo. Kila atajapo jambo lililopita hana budi kuchagua: cultivó, alilima na jambo likaisha; au cultivaba, alikuwa akilima, na mwisho wake hautajwi. Asipochagua vema, msikiaji atachukua alilosikia, wala hatajua la moyoni.

Njia hii si ya jana. Ilitoka katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, ambayo ni mama yake Kihispania. Warumi walisema amabam, nilikuwa nikipenda. Herufi m ya mwisho ikapotea, na Wahispania husema amaba hata leo. Katika makundi mengine ile b nayo ilipotea njiani, na ndiyo sababu hakuna b katika comía na vivía.

Mwaka 1492, mwaka ule ule Columbus alipofika visiwa vya Amerika, mwanachuoni jina lake Antonio de Nebrija alitoa kitabu cha kanuni za Kihispania, akamtolea Malkia Isabel. Siku zile wasomi wa Ulaya walidhani ya kuwa Kilatini na Kiyunani ndizo lugha za kufanyiwa kanuni, bali lugha za watu wa sokoni hazistahili. Nebrija alionyesha ya kuwa lugha ya watu wote ina utaratibu wake. Wakati huu akauita passado no acabado, yaani uliopita usiokwisha. Jina hilo lafundisha vizuri kuliko maelezo marefu.

Baada ya miaka mingi Kihispania kilienea Amerika. Nchi za huko zilipojitenga na Hispania, mtu mmoja aliona hatari. Huyu ni Andrés Bello, aliyezaliwa Caracas mwaka 1781, akamfundisha Simón Bolívar alipokuwa kijana, akakaa London tangu 1810 hata 1829, kisha akahamia Chile, na huko akafa mwaka 1865. Bello alihofu ya kuwa nchi hizo mpya zitaachana kwa usemi, hata lugha moja igawanyike kuwa lugha nyingi zisizofahamiana, kama Kilatini kilivyogawanyika zamani. Mwaka 1847 akatoa kitabu cha kanuni kwa ajili ya watu wa Amerika. Humo wakati huu aliuita copretérito, yaani uliopita pamoja, kwa kuwa huonyesha jambo lililokuwako pamoja na jingine lililopita. Hata leo jina hilo hutumika katika shule za Mexico. Na hofu ya Bello haikutimia. Nchi 20 zina Kihispania kuwa lugha ya serikali, na watu wake wangali wakifahamiana.

Bello alijua ya kuwa kanuni za lugha si mzigo wa kuwatesa watoto. Ni mapatano. Wewe na mwenzako mmepatana ya kuwa neno hili litakuwa na maana hii, ndipo kweli yaweza kutoka moyoni mwako ikafika moyoni mwake bila kupotea njiani.

Kijana wetu alilifahamu neno hili kuliko wenzake wote, kwa kuwa lilimgharimu. Usiku ule alikariri mpaka taa zikazimwa. Asubuhi alikwenda pamoja na mwalimu mzee mpaka mlangoni kwa mwalimu mkuu, akasimama wima, akasema polepole:

"Señor, todas las noches cerraba la puerta. Aquella noche también la cerré."

Maana yake, Bwana, kila usiku nilikuwa nikifunga mlango. Usiku ule nao niliufunga.

Mwalimu mkuu akanyamaza kitambo. Alisikia maneno mawili yaliyo karibu kama ndugu, cerraba na cerré, kila moja mahali pake, akatambua kosa lilikuwa wapi. Akainuka, wakaenda wote watatu mpaka ghalani kuutazama mlango, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kwa uangalifu siku ile ya kwanza. Chuma cha kitasa kilikuwa kimetoka nje, kama kitokavyo ufunguo ukizungushwa mara mbili. Mlango ulikuwa umefungwa kweli. Lakini mti wa kizingiti, pale chuma kiingiapo, ulikuwa umeliwa na mchwa ndani yake, ukabaki ganda. Mbuzi mmoja akisukuma kwa pembe, haukuweza kuzuia.

Mwalimu mkuu hakuona haya kutengeneza kosa lake. Aliliita darasa, akasema mbele ya wote ya kuwa kijana alisema kweli tangu mwanzo, na ya kuwa yeye alifanya haraka kuhukumu, akilisikia neno asimwangalie mtu, wala asiuangalie mlango. Akamrudishia ufunguo. Siku ya tatu baba akafika, miguu imejaa vumbi la safari, uso wake mzito. Aliambiwa habari nyingine, si ile iliyoandikwa katika barua. Alikaa chini ya mwembe, akaomba maji ya kunywa, akamwita mwanawe aje aketi karibu naye.

Basi, mwanafunzi, ujifunzapo lugha yo yote, usipende miisho iliyo myepesi tu. Uliza kila neno kazi yake, ulitie mahali pake. Na siku utakapokuwa mkubwa, mwenye kuuliza na kuhukumu, ukamsikia mtu anajikwaa katika lugha isiyo yake, usimwite mwongo upesi. Kwanza mwulize tena kwa upole. Kisha nenda ukautazame mlango.